Mgema na Vitu vya Watu

Kwa miaka minane niliishi ukuta kwa ukuta na mwanamke aliyenichosha kuliko watoto wangu wote watano wakiwekwa pamoja. Watu wa Ipogolo walimwita Mgema, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu jina lake la ubatizo alilipenda sana na asingefurahi kulikuta katika habari hizi. Mume wangu alikuwa msimamizi wa genge la barabara, ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya hamsini tulipewa nyumba pale chini ya mlima wa Iringa, mimi Mnyakyusa nisiyejua hata neno moja la Kihehe. Siku ya kwanza alikuja na kibuyu cha mtogwa, ule ulanzi mtamu ambao haujachacha, akasimama mlangoni akanitazama ninavyofagia. Akasema, "Kamwene, mama. Unafagia vibaya." Akaninyang'anya ufagio, akafagia ua wote, akarudi kwake. Mtogwa ulikuwa mzuri, nikashindwa hata kumchukia.

Kugema kule ni kazi ya wanaume. Mume wake alikwenda kwenye mashamba ya mkonge mtoto wao akiwa bado wa mgongoni, na habari zake zikaishia huko. Mianzi yake ikabaki, na mwanzi hausubiri mtu. Ukishakata ncha ya chipukizi na kufunga mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi kinachokinga ulanzi, ni lazima urudi asubuhi na jioni ukate upya pale pale, la sivyo panafunga na ulanzi unakoma. Basi akachukua kisu mwenyewe. Wazee walinuna msimu mmoja, msimu wa pili wakawa wateja wake. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakuwa na hatari hiyo, maana hakuna aliyepata nafasi ya kumsifu. Ukimwambia ulanzi wako wa leo mtamu, anakuuliza wa jana ulikuwa na nini.

Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa magari ya mizigo waliosimama pale chini kupumzisha injini kabla ya kupanda mlima. Kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha amri. "Shika hapa," "sogea," "ngoja kidogo," hayo ndiyo maneno aliyomwambia hata mchungaji. Na kila kitu kwake kilikuwa "hii": hii mtoto, hii gari, hii Mungu.

Alikuwa Mlutheri wa kweli, na hapo ndipo alipomshinda kila mtu. Kanisa lake lilikataza pombe. Yeye aliuza ulanzi siku sita, na siku ya saba akaoga, akajifunga khanga safi, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, lile la watu waliotengwa na Meza ya Bwana. Hakuna aliyemtenga. Alijitenga mwenyewe ili mwinjilisti asipate taabu. Mwinjilisti akaja siku moja kumsihi aache biashara ile ili asogezwe mbele. Akamjibu, "Mwalimu, mke yako jana amechukua vibuyu viwili. Nikiacha, atachukua wapi?" Mwinjilisti akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea. Cha ajabu ni kwamba tangu abatizwe Mgema hakuwahi kuonja tone. Aliunusa tu, akajua huu wa watoto, huu wa wazee, huu utavunja nyumba ya mtu.

Kitu kimoja hakukiweza kabisa, nacho ni kusema uongo. Sisemi uongo mkubwa. Hata ule mdogo wa adabu, ule tunaoutumia kila siku ili tuweze kuishi na majirani, hakuwa nao. Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu, wanawake wote walikuja wakasema mtoto mzuri, amefanana na baba. Yeye akafunua kitambaa, akatazama, akafunika, akasema, "Atapendeza baadaye." Siku nyingine Mzungu wa barabara alikuta watu wawili wa genge wamelala chini ya mti. Akaja hadi kwa Mgema akauliza kama wamekunywa pale. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya Mzungu anamkonyeza mpaka jicho linatoka machozi. Mgema akajibu, "Ndiyo. Tangu saa nne. Na huyu nyuma yako ndiye amewaruhusu." Mume wangu aliponea chupuchupu kufukuzwa kazi. Nilipokwenda kumgombeza akashangaa kwa dhati. "Ameniuliza," akasema. "Ungetaka nimwambie nini?"

Sasa Luka. Luka alikuwa mtoto wake pekee, na nikisema alikuwa kijana mbaya nitakuwa nimesema uongo nami pia. Alikuwa mcheshi, mwepesi, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Aliezeka upya jiko langu bila kuombwa. Wanangu, kuanzia Anna mkubwa wao, walimpenda kuliko mjomba wao. Tulipofika pale alikuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, na tayari mkono wake ulikuwa na tabia yake.

Kwa Wahehe mbeta ya mtu haiguswi. Unaweza kukatiza katika mianzi ya jirani, ukachuma hata mboga yake ya pembeni, na hakuna atakayekuuliza neno. Lakini ukinywa kilichomo katika mbeta ya mtu, umemdharau yeye na baba yake aliyeipanda ile mianzi. Luka alikunywa mbeta za watu watatu katika wiki moja. Mama yake alipogundua alimchapa, tena alimchapa hata nikaenda kumshika mkono. Lakini kesho yake asubuhi nilimwona akipita katika mianzi ya wale watu watatu na kibuyu chake begani, akijaza mbeta zao kwa ulanzi wake mwenyewe. Nikamwuliza, "Mama, si ungewaambia wenyewe, na mtoto awaombe radhi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu. "Ilipungua, imerudi. Kuna nini cha kuambia?" Na Luka alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akimwangalia mama yake anajaza. Nadhani siku ile alijifunza jambo, na halikuwa lile ambalo mama yake alitaka ajifunze.

Baadaye yakaja mambo ya magari. Magari ya mizigo yalipanda mlima ule kwa gea namba moja, yakilia, polepole kiasi kwamba mwanamke mwenye mzigo wa kuni angeweza kuyapita. Vijana wakaligundua hilo. Mmoja anadandia nyuma, anakata kamba ya turubai, anasukuma mzigo, na wenzake wanaokota katika majani. Dereva anafika mjini juu na kukuta gari limepata nafuu. Luka alikuwa mwepesi kuliko wote, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wakamfanya yeye ndiye wa kudandia.

Mama yake akafanya kile alichokijua. Kila alichokikuta ndani ya nyumba na hakukinunua, alikibeba kichwani akakipeleka barabarani, kwenye kibanda cha chai wanaposimama madereva. Gunia la chumvi. Debe la mafuta ya taa. Jozi ya viatu vya mvua vya Kizungu, kimoja mkono huu na kingine mkono huu. Kopo la jamu lililokwisha kuliwa nusu alilirudisha akiwa amelijaza asali. Madereva walimwuliza, "Mama, hiki umekipata wapi?" Naye akawajibu, "Hii kitu ni yenu. Imerudi. Unauliza nini?" Nao wakanyamaza, kwa sababu ni kweli, mtu ambaye kitu chake kimerudi ana la kuuliza gani. Wakafikia hatua ya kumwachia vitu vyao awalindie wakati wanakula. Fikiria, mizigo ililindwa chini na mama na kuibiwa juu na mwana, katika safari ile ile.

Nilimwambia. Mungu ni shahidi, nilimwambia mpaka koo likanikauka. "Mama, unambebea. Mwache abebe mwenyewe."

"Akibeba yeye watampiga."

"Basi wampige mara moja ajue."

"Hii Anna wako imekuwa mwizi lini," akaniuliza, "mpaka wewe umejua dawa?"

Hatukusemeshana wiki mbili. Katika wiki hizo mbili kibuyu cha mtogwa cha wanangu kilikuja kila asubuhi. Alikitundika kwenye ua bila kugeuza uso, kana kwamba ua wenyewe ndio uliomwomba. Nami nikakipokea bila kugeuza uso. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wazima wawili.

Nikitaka kuwa wa haki niseme kwamba alijaribu. Alimpeleka Luka kwa mjomba wake Mufindi akachunge, Luka akarudi. Akamwombea kazi kwa mume wangu, naye akafanya kazi ya barabara miezi mitatu vizuri sana, hata mume wangu akaanza kumsifu, kisha makarai mawili na chepeo moja vikapotea. Vilirudi, bila shaka. Asubuhi moja tulivikuta vimepangwa mlangoni petu, vimeoshwa. Mume wangu alitaka kucheka na kulia. Usiku na mchana mwanamke yule alikuwa na hesabu moja tu kichwani, kwamba dunia ibaki kama ilivyokuwa kabla Luka hajaigusa, na kwamba akiwahi kuirudisha sawa, basi Luka hajafanya kitu.

Siku ilifika ambayo kitu hakikuweza kurudi. Taniboi wa gari moja, yaani msaidizi wa dereva, alimwona Luka akikata turubai, akamkamata shati, wakavutana, na taniboi akaanguka barabarani akavunjika mguu. Luka akakimbia. Robota la blanketi likabaki kwenye majani, wenzake wakaligawa, na fungu la Luka likaishia katika kihenge cha mama yake, chini ya mahindi. Siku mbili baadaye askari walishuka kutoka bomani wakawachukua vijana wawili waliokuwa wamekaa kwa Mgema wakinywa. Walikuwa vijana wa watu, hawajawahi kudandia hata baiskeli. Mama zao wakaja kulia uani kwake. Yeye alikuwa amekwisha kuziona zile blanketi.

Siku iliyofuata mimi nilikuwa shambani. Nimeirudia sentensi hii mara nyingi katika maisha yangu na haijanisaidia kitu. Angenisubiri hadi saa sita tu, ningemweleza. Lakini yeye na kusubiri hawakuwahi kukutana.

Ni lazima mwelewe alivyofikiri, maana alifikiri kama watu wote wa pale. Kwa jumbe, mtu akikosa, mkubwa wake anakwenda barazani. Anasema kosa lote, tangu mwanzo, bila kuficha, kwa sababu kosa lililofichwa linabaki na mzizi. Anarudisha kitu chenyewe. Anaweka na mbuzi juu yake kwa ajili ya aliyeumia. Wazee wanakula, aliyeumia anaoshwa moyo, na kesi imekufa. Haiamki tena. Ukiitaja kesho wewe ndiye mwenye kosa. Na kanisani pia ni hivyo hivyo, unasimama, unatubu, unapokelewa. Katika maisha yake yote Mgema hakuwahi kuona mahali ambapo mtu alisema kweli yote na kurudisha kitu, halafu akadhurika.

Basi akapanda mlima na blanketi kichwani na mbuzi mkononi, akaenda bomani. Sajini alimpa kiti na maji, alikuwa mtu mwenye adabu. Akaanza kusema. Hakusema habari za taniboi peke yake. Alianza na mbeta za wale watu watatu, akaja kwenye chumvi, mafuta ya taa, viatu, jamu, makarai ya mume wangu, kila kitu, na jina la Luka juu ya kila kitu. Karani akaandika mpaka akabadilisha kalamu. Mbuzi walimwambia amwondoe, akakataa, akasema mbuzi harudi nyumbani, akirudi na kesi inarudi. Akamfunga kwenye mti wa bendera, na mbuzi akala maua ya bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, yote ya upande ule.

Nilipotoka shambani nilimkuta anateremka na askari wawili, uso wake umetulia kama wa mtu aliyemaliza kupalilia. Akaniambia, "Mama Anna, imekwisha. Wale vijana wa watu watatoka kesho. Hawa wamekuja Luka aweke dole gumba tu." Nikawatazama wale askari. Mmoja akatazama chini.

Luka alikuwa amelala. Mama yake akawaambia askari, "Ngojeni kidogo, hajala." Akasonga ugali, akapakua maharage, akamwamsha. Askari wakangoja mlangoni, nami nikangoja nao, na mpaka leo siwezi kuwalaumu watu wale. Luka alikaa akala. Alijua tangu tonge la kwanza, nilimwona anavyomeza. Alimaliza ugali wote, akanawa mikono, akasimama, akaitoa mikono mbele mwenyewe. Pingu zilipofungwa Mgema alizitazama, akanitazama mimi.

"Hizi za nini?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, kana kwamba mimi ndiye niliyeziweka.

Kesi ilikwenda haraka. Ushahidi wa taniboi ulikuwa dhaifu, maana sura hakuiona vizuri. Kilichobaki ni karatasi za karani na zile blanketi. Mume wangu, ambaye aliwafahamu makarani wa bomani, alikuja na maarifa: Mgema aseme kwamba askari walimtisha, ndipo akayasema yale. Akisema hivyo, hakimu anaweza kuziweka pembeni karatasi zote. Tulikaa naye jioni nzima. Mume wangu alimbembeleza, mimi nilimgombeza, nikamwambia, "Mama, ni neno moja." Akasema, "Sijatishwa. Nimepewa kiti."

Hakimu alimwuliza kwa mkalimani, akamwuliza tena, na mara ya tatu akamwuliza polepole sana, nadhani hata yeye alitaka kumsaidia. Mara zote tatu alijibu, "Nilikwenda kwa miguu yangu." Luka alimtazama mara moja tu, kisha akatazama dirisha mpaka mwisho. Miaka minne, Mbeya. Mkalimani alipomaliza kutafsiri, Mgema akainua mkono akauliza, "Na mbuzi yangu je?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa anauliza kama mbuzi yule hakutosha, kama ingefaa aende kutafuta wa pili.

Mwezi uliofuata alikuja kwangu kila jioni, akakaa kwenye kigoda, akanitazama nikipika. Sufuria iliungua hakusema. Mtoto alilia hakusema. Nilifagia ua makusudi kwa ovyo, huku nikimchungulia, na bado hakusema kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliutamani ulimi wake ule ule niliomwomba Mungu aukate. Siku moja, bila kuanza popote, akasema, "Ungekuwa nyumbani siku ile ungenizuia."

"Ningekuzuia, ungenisikia?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. Kisha akaniambia maharage yangu hayana chumvi, na nikajua atapona kiasi.

Mwaka uliofuata mume wangu alihamishiwa Mbeya, tukapewa nyumba Iyunga, kando ya barabara kubwa. Nilidhani nimepumzika. Mwezi haukuisha, gari la mizigo likasimama mlangoni, dereva akashuka akamfungulia mlango wa mbele kama bibi arusi, naye akashuka na maboga mawili. Hakuna dereva wa njia ile aliyemtoza nauli, wote walimjua. Akaingia, akatazama nyumba, akasema jiko linatazama upepo. Akalala. Kesho yake akaenda jela kwa miguu kumwona mwanawe, na jioni akarudi.

"Umemwona?"

"Amekataa kutoka. Amemwambia askari hana mama." Kisha akailaumu baridi ya Mbeya, kwa urefu.

Alirudi mara ya pili, na mara ya tatu. Kila mara safari ya siku nzima kwenye vumbi, kila mara maboga au unga au kuku, na kila mara jibu lile lile kutoka mlango wa jela. Mianzi yake haikumngoja, akikosa siku nne mbeta zote zinakauka, naye akija alikosa siku nne. Nilimwambia amwache kijana mpaka hasira zipoe. Akasema hasira ni za Luka lakini mtoto ni wake yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, haya, lakini na jirani naye ana kifua. Nilichoka kumfungulia mlango jioni na kuuona uso ule.

Mara ya nne nikaamua kwenda naye. Ilikuwa Juni, baridi imekaza, tumejifunga blanketi wote wawili. Njiani nikamwambia, "Leo akitoka, usianze na ukweli wako."

"Nianze na nini?"

"Anza na habari za nyumbani. Na akikuuliza ile siku, sema walikutisha."

"Hiyo ni dhambi."

Hapo nikasimama katikati ya barabara nikamwambia yote niliyoyaweka miaka minane. Nikamwambia ukweli wake umemlea yeye, haujamlea Luka. Nikamwambia kwamba mtoto alipohitaji kuumbuliwa, yeye alimfichia kwa kibuyu, na alipohitaji kufichwa, yeye alimwumbua kwa karani. Nikamwambia nimechoka naye, na kwamba nampenda, na kwamba ningependa siku moja vitu hivyo viwili visije pamoja. Watu waliokuwa wanakwenda sokoni walitupisha. Yeye akanisikiliza hadi mwisho, akaokota kikapu changu nilichokiangusha, akanipa, tukaendelea mpaka kwenye lango la jela.

Nilimwambia askari wa lango amwite Luka, aseme kuna mama kutoka Iyunga, mke wa msimamizi wa barabara. Sikumtaja mwingine. Tukakaa kwenye benchi. Baada ya muda mlango ukafunguliwa na Luka akatoka karibu akimbie, hata askari akamshika bega. Alikuwa amekonda. Alinitazama mimi kwanza, kisha akamwona aliyekaa kando yangu, akasimama pale pale.

"Nilidhani umekufa," akamwambia mama yake kwa Kihehe. "Nilidhani huyu amekuja kuniambia umekufa."

"Semeni Kiswahili nisikie," akasema askari.

Luka akakaa ng'ambo ya meza. Alifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akauliza, akiitazama meza, "Mama, walikutisha. Siyo?"

Nikajua anaomba. Alikuwepo mahakamani, alisikia kwa masikio yake mara tatu, na bado alikuwa anaomba. Nilitaka kumfinya Mgema chini ya meza, nikachelewa. Nikafikiri: sasa atasema alipewa kiti.

"Walinitisha," akasema Mgema.

"Walisema nini?"

"Walisema watanifunga mimi." Akasita. "Walikuwa watano. Walifunga mlango. Mmoja alikuwa na fimbo." Alidanganya vibaya mno, kama mtu anayetembea na viatu vya mtu mwingine, akisema mlango kisha dirisha, watano kisha wanne. "Nilikataa. Nilikataa sana. Halafu wakanipiga hapa." Akaonyesha bega, lile bega ambalo hakuna mtu aliyewahi kuligusa.

Sijui kama Luka aliamini. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na sijui. Ninachojua ni kwamba aliweka kichwa chake juu ya mikono ya mama yake pale mezani, akalia kwa sauti, akisema, "Basi, mama. Basi." Na askari aliyetaka kusikia kila kitu akageuka akatazama ukuta.

Tulitoka saa nane. Mgema alitembea mbele, haraka, nami nikamfuata nikiwa na furaha ya kijinga, nikisema umeona, si nilikwambia, neno moja tu. Nilipomfikia nikaona shavu lake limelowa, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuliona limelowa, hata siku ya pingu. Moyo ukaniuma. Lakini mimi nami ni mimi, nikataka kumtania ili atulie.

"Haya mama," nikamwambia, "Jumapili utakwenda kutubu kwa mwinjilisti?"

Akasimama. Akafuta uso kwa pembe ya blanketi, taratibu, upande huu na upande huu.

"Hapana," akasema. "Hii mimi sirudishi."